Manono: mtoto wa krezeri ajifunze kugawa kichwani

Kwetu Manono kugawa si jambo la daftari kwanza. Ni jambo la kila juma. Mchanga ukishatoka shimoni, ukasafishwa kwenye maji, ukapimwa na kuuzwa, inabaki kazi moja: feza igawanywe. Hapo njo unaona nani anajua hesabu na nani anaangalia tu kinywa cha wengine. Mwenye kujua anasema «sawa» ao «hapana, rudilia». Asiyejua anapokea, anakunja noti zake, anaenda nyumbani, na swali linamfuata njiani: wametupatia yote, ao hapana?

Sisi wa sendika tumezoea kuwaandikia juu ya bei ya kilo, mizani, mashimo yanayobomoka, feza ya hospitali. Leo tunataka kuzungumza na wazazi juu ya kitu kidogo kisichoomba hata franka moja: kumsaidia mtoto wa miaka sita mpaka kumi ajue kugawa kichwani, bila karatasi na bila telefone. Manono leo inatajwa dunia nzima kwa sababu ya litium, kama zamani ilivyotajwa kwa kasiterite, wakati wa Géomines na wakati wa Zaïrétain. Wale wanaogawana litium yetu kwa asilimia, mbali na hapa, hawana shida na kugawa. Shida iko kwetu, chini, pale ambapo batu sita wanagawana elfu makumi ine na tano.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, na kwa nyumba nyingi za hapa hilo ni jambo kubwa. Lakini kila mtu ameona namna madarasa yalivyojaa. Mwalimu mwenye batoto makumi sita mbele yake hawezi kukaa na mmoja mmoja na kumwuliza: «Umefika hapo namna gani?» Na swali hilo njo linalofundisha kugawa. Basi liulizwe nyumbani, wakati wa kumenya mihogo, wakati wa kuteka maji, wakati baba anasafisha matope kwenye buti.

Shuleni mtoto anaimba kuzidisha. «Six fois huit, quarante-huit.» Anaimba vizuri, darasa lote linaimba, hata mpita njia anaweza kuimba nao. Kisha wanamletea kugawa kwa maandishi: namba kubwa kushoto, mstari unaosimama, namba ya kugawia kuume, jibu chini yake. Hiyo ni hesabu nzuri, hatuisemi vibaya. Lakini ni hesabu ya mkono. Mtoto anashusha namba, anatoa, anashusha tena, sawa na mtu anayefuata nyayo za mwenzake usiku. Akipoteza hatua moja anapata jibu la ajabu, na haoni kama ni la ajabu. Tumeona daftari moja: 84 gawa kwa 6, jibu 104. Mtoto ameandika vizuri na kupiga mstari chini kwa rula. Batu sita wamegawana 84 na kila mmoja ameondoka na 104! Kama angeulizwa kwa mikate ya mafuta ya sokoni, angecheka mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hatuliangalii. Kugawa iko na nyuso mbili. Ya kwanza: mikate 24, batoto ine, kila mmoja anapata ngapi? Hapo unagawia batu. Ya pili: mikate 24, unaiweka ine-ine katika mifuko, mifuko mingapi? Hapo unapima ine inaingia mara ngapi. Jibu ni sita pande zote mbili, lakini katika kichwa cha mtoto si njia moja. Ya kwanza inaomba mikono: moja kwako, moja kwako, moja kwako. Ya pili inahesabiwa kwa mdomo: ine, munane, kumi na mbili, kumi na sita, makumi mbili, makumi mbili na ine. Umefunga vidole sita, basi ni sita. Kichwani njia hii ya pili ni nyepesi zaidi, na mtoto akiizoea anaitumia hata kwa swali la kwanza.

Bamama wanaijua tangu siku nyingi. Wakati kampuni za migodi za Katanga zilikuwa zinatoa posho kwa wafanyakazi wa kampi, nani alikuwa anagawa bunga ya juma kwa saba? Si kompta wa kampuni. Ni mama, kwa jicho, mbele ya gunia: kwa siku ni hii, ikipita hapa tutamaliza juma na maji ya moto.

Mtoto wa miaka sita asipewe namba za hewa. Apewe vitu. Kalanga, mawe madogo, vifuniko vya chupa. Mwambie agawe kalanga kumi na mbili kwa batu tatu wa nyumba, lakini mbele ya kugusa, muulize: «Unazania kila moya atapata ngapi?» Mikono itagawa, lakini kichwa kimekwisha kukisia. Siku nyingine funika kalanga kwa kitambaa, umwonyeshe mara moja tu. Siku nyingine tena kalanga zibaki jikoni, sema kwa mdomo. Wazazi wengi wanaruka hatua ile ya kitambaa, na njo pale mtoto anapoanza kuona vitu ndani ya kichwa. Tena, nyumba iliyo na mzee anayejua kisolo, ule mchezo wa Baluba wa mashimo na mbegu, isimwache mzee akae peke yake. Mtoto anashika mbegu mkononi na anaangusha moja-moja kwa kila shimo. Mchezaji mzuri anajua, mbele ya kuanza, ya mwisho itaangukia wapi. Hakuna mwalimu wa kalkil mantal aliyemfundisha hayo.

Hatua ya kwanza ya kichwani kabisa ni nusu. Nusu ya kumi, ya kumi na mbili, ya makumi mbili, ya makumi tatu (hapo wengi wanasimama kidogo), ya mia. Mtoto anayejua nusu anajua mengi kuliko anavyozania. Gawa kwa ine ni nusu ya nusu. Gawa kwa munane ni nusu mara tatu. 72 gawa kwa 8: makumi tatu na sita, kumi na munane, kenda. Imekwisha.

Tuliona hivyo kando ya Lukushi. Bamama ine walikuwa wamesafisha mchanga siku tatu, na mtu aliyetumwa na mnunuzi akaleta feza yao: franka 34 000, alisema hivyo mwenyewe kwa sauti. Akaanza kugawa, elfu munane kwa kila mama. Bamama wakapokea. Msichana wa mmoja wao, wa miaka kenda hivi, alikuwa ametoka shule na amebeba mdogo wake mgongoni. Akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe: «Nusu yake kumi na saba. Nusu ya kumi na saba ni munane na nusu.» Kisha kwa mama yake: «Mama, bado mia tano.» Mia tano kwa kila mmoja, ine, ni elfu mbili. Ile elfu mbili ilikuwa bado mfukoni mwa yule bwana. Alicheka, akasema alikuwa anatafuta chenji, akaitoa. Pengine alikuwa anatafuta chenji kweli. Tunachojua ni kwamba bamama walikuwa wamekwisha kusimama ili waende.

Na mambo ya nusu si ya leo katika inchi yetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota mfupa pale Ishango, kwenye ziwa Édouard, Kivu ya Kaskazini. Una miaka karibu 20 000, na uko Bruxelles. Umekatwa alama zilizopangwa mafungu-mafungu: upande mmoja kuna fungu la 3 na karibu yake la 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5. Wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine wanaona hapo mtu aliyekuwa anazidisha kwa mbili na kukata nusu, wengine wanaona hesabu ya miezi ya angani, wengine wanasema ni alama za kushikia tu. Sisi hatutawaamua. Lakini ukimwonyesha mtoto wako 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, umwulize anaona nini, utasikia.

Sasa tunafika kwenye jambo tunalotaka kulisema kwa nguvu. Kiswahili chetu cha Manono, cha Kalemie, cha Lubumbashi, kinahesabu kwa namna inayosaidia sana kugawa, na sisi tunaiacha mlangoni mwa shule kama viatu vya matope.

Sisi tunasema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Kiswahili cha vitabu vya Tanzania kinasema ishirini, thelathini, arobaini. Ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Ndani ya «thelathini» mtoto haoni tatu. Ndani ya «arobaini» haoni ine. Kwa sitini ni afazali kidogo, sita inachungulia. Kifaransa vilevile: ndani ya «vingt» mbili imejificha kabisa. Lakini «makumi tatu» haifichi kitu. Inakuambia wazi: ni tatu, na kila moja ni kumi.

Jaribuni leo usiku. Muulize mtoto wa mwaka wa tatu: «Soixante divisé par trois?» Wengi watakaa kimya, wataangalia juu. Hatafuti namba, anatafuta neno. Sasa muulize: «Makumi sita, batu tatu, kila moya makumi ngapi?» Ni kama umemwuliza mayai sita kwa batu tatu. «Mbili.» Mbili nini? «Makumi mbili.» Ni mtoto yuleyule, kichwa kilekile, na kati ya swali la kwanza na la pili hakuna aliyemfundisha kitu. Fanyeni hivyohivyo kwa mia na kwa elfu. Mia munane gawa kwa ine ni mia mbili. Elfu makumi sita gawa kwa tatu ni elfu makumi mbili. Mtoto anayejua 6 gawa kwa 3 anajua zote hizo, kama akiachwa azisikie.

Mtu ataniambia, ao tuseme atatuambia, maana wameishatuambia: «Mwanangu nimemtuma shule ajue Kifaransa, nyie mnamrudisha kwa Kiswahili.» Hapana. Mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka wa sita unafanywa kwa Kifaransa, tunajua. Lakini mtoto akigawa kwanza katika lugha ambamo namba ziko wazi, halafu akatafsiri jibu, ametafsiri neno moja tu. Akijaribu kugawa ndani ya maneno asiyoyasikia vizuri, ana mizigo miwili kichwani. Hata sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia. Na Kifaransa chetu, kile tulichopokea kwa Wabelgiji, kinasaidia pia pahali pengine: sisi tunasema septante na nonante, na mtoto anasikia sept na neuf humo ndani, tofauti na mtoto wa Paris anayepambana na soixante-dix. Kuhusu quatre-vingts, ni mchezo mzuri wa kucheza na mtoto mwerevu: 80 gawa kwa 4, jibu liko ndani ya neno lenyewe.

Kutoka makumi mtoto anaingia katika kuvunja namba. 84 gawa kwa 6. Mtoto atataka kuvunja makumi munane na ine, kama neno lilivyo, lakini makumi munane haikubali kugawanyika kwa sita vizuri. Basi avunje kwingine: makumi sita, na makumi mbili na ine. Makumi sita kwa batu sita, kila mmoja kumi. Makumi mbili na ine kwa sita, kila mmoja ine. Kumi na ine. Krezeri hahitaji kuelezwa hilo mara mbili: jiwe halipigwi popote, unatafuta mahali linapokubali kupasuka. 75 gawa kwa 5: hamsini na makumi mbili na tano, kumi, na tano, kumi na tano. (Ndiyo, tumesema hamsini. Wengi wetu tunasema hamsini kwa sababu ya noti, na mtoto anajua zote mbili bila shida.) 72 gawa kwa 3: makumi sita, na kumi na mbili, makumi mbili, na ine.

Ili kuvunja hivyo, mtoto lazima ajue kuzidisha kwake, lakini akujue pia kwa kurudi nyuma. Wimbo wa darasa unaenda upande mmoja kama maji ya Luvua. Nyumbani mrudishe. Usimwulize «sita mara munane», muulize «sita mara ngapi inafika makumi ine na munane?» Akijibu, geuza tena: «Na munane mara ngapi?» Maswali matatu njiani kwenda kisimani, kisha mazungumzo mengine. Akichoka uache. Mtoto anayechoshwa na hesabu nyumbani atakuwa na mahali pawili pa kuikimbia.

Tuna sababu ya kusema njiani na sokoni. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa kazi waliyofanya kule Recife, Brezili, na watoto watano wa familia maskini waliokuwa wanauza vitu barabarani, wa miaka 9 mpaka 15. Kwanza walienda kama wanunuzi tu: nipe nazi ngapi, unarudisha chenji ngapi. Watoto walijibu vizuri karibu maswali 98 kwa 100. Baadaye wakawapa hesabu zilezile kwa karatasi, bila nazi na bila mnunuzi: 37 kwa 100. Mmoja aliulizwa nazi kumi kwa cruzeiro 35 moja. Hakuongeza sifuri kama shuleni. Alisema nazi tatu ni 105, akaongeza 105 nyingine, na 105 nyingine, akamalizia na ile ya kumi: 350. Alivunja namba pale ilipokubali kuvunjika.

Mtoto anayeuza vibaba vya mafuta ya mawese hapa Manono ni ndugu wa yule wa Recife. Mama anapofungua bidon na kuigawa katika chupa ndogo, mtoto wa kike ambaye anamsaidia anafanya kugawa kila asubuhi. Kisha shuleni wanasema hajui matematike. Mama, wewe njo unaweza kuunganisha hizo mbili: «Ile hesabu ya mwalimu ni ile ya bidon. Fikiria bidon.» Tunasema mtoto wa kike kwa makusudi. Nyumba nyingi maswali ya hesabu yanaulizwa kwa kijana, na msichana anaulizwa sahani ziko wapi.

Kwa batoto wakubwa kidogo, miaka kenda ao kumi, kuna hila mbili tatu ambazo sisi wenyewe tunazitumia kwenye mizani. Ukiwa unagawa kwa namba kubwa, kata zote mbili nusu. Mnunuzi ametoa franka 96 000 kwa kilo 12; amelipa ngapi kwa kilo? 96 kwa 12 ni sawa na 48 kwa 6, ni sawa na 24 kwa 3: munane. Elfu munane. Kugawa kwa tano: zidisha kwa mbili, ondoa sifuri. 135 kwa 5 ni 270 kwa 10, ni 27. Na ile tuliyotaja mwanzoni, elfu makumi ine na tano kwa batu sita: elfu makumi ine na mbili ni saba-saba, inabaki elfu tatu, ni mia tano-mia tano. Elfu saba na mia tano.

Iko na mtego mmoja ambao kitabu cha shule hakiufundishi. Shimoni hatugawi kila mara kwa vichwa. Kila shimo na desturi yake, lakini mara nyingi matumizi yanatoka kwanza, kisha mwenye shimo anachukua sehemu yake, mwenye pompi yake. Tuseme wachimbaji saba, mwenye shimo sehemu mbili, pompi sehemu moja. Batu wanaoonekana ni saba, lakini feza inagawanywa kwa kumi. Franka 230 000 ni 23 000 kwa sehemu. Anayegawa kwa saba atazania ameibiwa, ataanzisha vita bure. Na anayeambiwa kwamba sehemu ni kumi na mbili, bila kuuliza hizo mbili ni za nani, ameibiwa kweli. Kwa hiyo mfundishe mtoto aulize kwanza: tunagawa kwa ngapi? Halafu ngapi kwa kila moja.

Wengine wanasema: «Telefone iko na kalkilatri, ya nini kujichosha?» Telefone inazimika. Telefone mara nyingi iko mkononi mwa anayelipa. Na kalkilatri inajibu kile ulichobonyeza, haijui ulichotaka. Kwa franka zetu zenye sifuri nyingi, kidole kikiruka sifuri moja, elfu makumi mbili inakuwa elfu mbili, na kioo hakishtuki. Kichwa njo kinachoshtuka. Mtu anayejua kwamba jibu lazima liwe kati ya elfu saba na elfu munane hawezi kupokea elfu tano kwa sababu tu imeandikwa kwenye kioo.

Bado masalio. Wazazi wengi wanachagua namba zinazogawanyika bila kubakiza, ili mtoto asisumbuke. Tunaona ni vibaya. Feza ya shimo haitoki ikiwa imepangwa. Laki moja kwa batu saba: kumi na ine elfu kwa kila mmoja, inabaki elfu mbili. Ile elfu mbili inaenda wapi? Mahali pengine inanunua maji ya kunywa, mahali pengine mawe ya tochi, mahali pengine inapotea, na hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ilibaki. Mpe mtoto kalanga kumi na tatu kwa batu ine, makusudi. Acha agombane na ile moja. Kama ataikata vipande ine, kama ataitoa kwa mdogo, kama atasema ibaki ya kesho, zote ni majibu. Asiseme tu kwamba haipo.

Fimbo haifundishi kugawa kichwani. Mtoto anayeogopa anarusha namba yoyote ili uondoke mbele yake. Akikosa, muulize amefikiri namna gani, na mara nyingi utaona njia ilikuwa nzuri, ila hatua moja imeteleza. Usimkatize kwa kusema jibu wewe. Hesabu mpaka kumi moyoni kwanza, hata kama kaka yake anataka kujibu. Na tafazali, mtoto asipelekwe kwenye shimo ao kwenye kusafisha mchanga kwa kisingizio kwamba kule njo kuna hesabu. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi ya mgodi, na kalanga za jikoni zinafundisha vilevile.

Anayetaka kuanza leo, aanze na nusu tu. Juma mbili za nusu, mpaka mtoto ajue nusu ya kila namba ya makumi hadi mia bila kusimama, hata makumi saba, hata makumi kenda. Makumi kenda itamsumbua. Mwacheni aivunje mwenyewe.